Kutuma Kifurushi Ng'ambo: Mambo ya Kujua Kabla ya Kufunga Boksi

Familia nyingi katika Kaunti ya Kilifi zina mtu ng'ambo. Wapo walio Saudi Arabia, Qatar na Falme za Kiarabu wakifanya kazi za nyumbani, ulinzi na udereva. Wapo walio Italia na Ujerumani, nchi ambazo zimefungamana na Malindi na Watamu kupitia utalii kwa miaka mingi. Wengine wako Uingereza na Marekani kwa masomo au kazi. Na penye mtu ng'ambo hapakosi kifurushi: dera la sikukuu, leso, viungo vya pilau, achari ya maembe, korosho, dawa ya tumbo aliyoizoea, au cheti cha shule alichokisahau nyumbani.

Kutuma kifurushi si kazi ngumu, lakini ina masharti. Mtu asiyeyajua hupoteza vitu na nauli aliyolipa. Mara nyingine hasara hiyo humwangukia aliyetumiwa: hutozwa ushuru asioutarajia, au huitwa na maafisa wa nchi ya kigeni kujibu maswali kuhusu kitu ambacho hata hakujua kimo ndani ya boksi. Makala haya yanaeleza hatua kwa hatua jinsi ya kuchagua njia, kujaza fomu, kutambua vitu visivyokubaliwa na kufuatilia kifurushi hadi kifike.

Kifurushi husafiri vipi?

Kifurushi kinachokabidhiwa kwenye kaunta ya Posta hupelekwa hadi kituo cha barua na vifurushi vya kimataifa, hupitishwa kwenye mashine za ukaguzi, kisha hupakiwa kwenye ndege. Kikifika nchi ya pili, hakiendi moja kwa moja kwa mwenyewe. Kwanza hupita mikononi mwa maafisa wa forodha wa nchi hiyo. Wao ndio huamua kama kitapita, kitafunguliwa, kitatozwa ushuru, kitarudishwa au kitaharibiwa. Wakishamaliza, posta ya nchi hiyo ndiyo hukipeleka kwa mpokeaji.

Mpango huu unawezekana kwa sababu ya Umoja wa Posta Duniani, ulioundwa mwaka wa 1874 na wenye makao makuu mjini Bern, Uswisi. Nchi 192 ni wanachama, na Kenya ilijiunga mwaka wa 1964. Kwa makubaliano hayo, kifurushi kilicholipiwa Kilifi hupokelewa na posta ya Italia au Qatar bila mtumaji kuwa na mkataba na posta hiyo.

Jambo la kukumbuka hapa ni hili: karani wa Posta akikubali kifurushi, hajakihakikishia kupita forodha ya nchi kinakokwenda. Kila nchi ina sheria zake, na kujua kilicho ndani ni wajibu wa mtumaji.

Njia za kutuma

Njia ya kwanza ni kifurushi kidogo kinachosafiri pamoja na barua. Kikomo chake ni kilo 2. Urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 90, na upande mrefu zaidi usipite sentimita 60. Njia hii inafaa leso mbili tatu, kitabu, au pakiti za viungo. Ni vyema kulipia usajili, yaani rejista, ili kipewe nambari ya kufuatilia.

Njia ya pili ni kifurushi cha kawaida cha posta kwa mizigo mizito zaidi. Kikomo cha uzito hutegemea nchi kinakokwenda, kwa hivyo uliza kwenye kaunta kabla ya kupakia.

Njia ya tatu ni EMS, huduma ya haraka ya Posta. Ni ghali kuliko hizo mbili lakini hufuatiliwa kila hatua. Hii ndiyo inayofaa kwa vyeti, stakabadhi za mahakama, na chochote chenye tarehe ya mwisho.

Njia ya nne ni kampuni binafsi za kusafirisha vifurushi. Nyingi huja kuchukua mzigo kwa mteja na humpelekea mpokeaji hadi mlangoni, lakini bei yao kwa kawaida huwa juu.

Njia ya tano ni mawakala wanaokusanya mizigo ya watu wengi na kuisafirisha pamoja kwa ndege au meli. Huwa nafuu kwa maboksi makubwa, lakini ndipo wananchi wengi hupotezea mali. Kwa mujibu wa sheria, anayetoa huduma za posta na kusafirisha vifurushi nchini Kenya lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano. Mwananchi ana haki ya kuuliza leseni hiyo na kudai risiti yenye jina la kampuni, uzito wa mzigo na orodha ya vilivyomo. Wakala asiye na ofisi, asiyetoa risiti na anayepokea pesa kwa nambari ya simu ya mtu binafsi hafai kupewa boksi.

Uzito unaolipiwa si ule wa mizani peke yake

Kampuni za kusafirisha kwa ndege huangalia pia nafasi ambayo boksi linachukua. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha vipimo hivyo vitatu, kisha hugawanya kwa 5,000. Jibu hilo huitwa uzito wa ukubwa. Mteja hulipia uzito ulio mkubwa kati ya huo na wa mizani.

Chukua mfano wa vikapu vya kusuka. Tuseme vimetiwa ndani ya boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, na mizani inaonyesha kilo 6. Hesabu ya ukubwa ni 96,000 kugawanya kwa 5,000, yaani kilo 19.2. Mtumaji atalipia kilo 19.2 ilhali mzigo wenyewe ni kilo 6. Vikapu hivyo vikikunjwa na kulaliana hadi boksi liwe na kimo cha sentimita 10, hesabu hushuka hadi kilo 4.8, na mtumaji atalipia kilo 6 tu za mizani. Kukata boksi kubwa liwe dogo kunaweza kupunguza gharama kuliko kutoa vitu.

Mizani nayo iangaliwe. Mizani yoyote inayotumika kibiashara nchini hutakiwa kukaguliwa na kupigwa muhuri na maafisa wa vipimo. Mteja anaweza kuomba kuonyeshwa muhuri huo, na pia kuomba mzigo upimwe mbele yake kabla ya kulipa.

Fomu ya forodha ndiyo roho ya kifurushi

Kila kifurushi chenye bidhaa lazima kiambatane na fomu ya forodha. Fomu ndogo huitwa CN22. Ile kubwa, inayoitwa CN23, hutumika kwa vifurushi vikubwa na pale thamani ya vitu inapopita kiwango cha kimataifa kinachokaribia dola 400 za Marekani. Tangu Januari 2021, kanuni za Umoja wa Posta Duniani zinataka maelezo ya fomu hizo yatumwe pia kwa mtandao hadi nchi kinakokwenda kabla kifurushi hakijafika. Ndiyo maana karani huyaandika kwenye kompyuta, na ndiyo maana fomu iliyojazwa nusu husababisha kifurushi kukwama au kurudishwa.

Fomu huuliza mambo manne makuu: ni kitu gani, ni vingapi, vina uzito gani, na vina thamani gani. Kosa la kawaida ni kuandika neno moja la jumla. "Nguo" haitoshi. Andika "magauni 2 ya pamba, mapya". "Chakula" haitoshi. Andika "korosho za kukaanga, gramu 500, pakiti ya kiwandani". Wala neno "zawadi" si maelezo. Fomu ina kisanduku chake cha kuonyesha kuwa kifurushi ni zawadi, lakini vitu vilivyomo bado lazima vitajwe kimoja kimoja.

Fomu ijazwe kwa lugha inayosomeka na maafisa wa kule. Kiingereza hukubaliwa kwingi. Majina ya nyumbani kama "achari" au "mkeka" yaelezwe: imetengenezwa kwa nini na hutumika kwa nini.

Thamani iandikwe kwa ukweli. Baadhi ya watu hupunguza bei ili mpokeaji asitozwe ushuru. Hilo lina hatari mbili. Afisa wa forodha akikuta risiti au bei kwenye kitu chenyewe, anaweza kukizuia kifurushi kizima kwa taarifa za uongo. Na kifurushi kikipotea, fidia haiwezi kuzidi thamani iliyoandikwa. Aliyeandika shilingi 500 kwa simu ya shilingi 20,000 hana pa kudai zile nyingine.

Mwisho wa fomu kuna sahihi. Anayetia sahihi anathibitisha kwamba hakuna kitu cha hatari au kilichokatazwa ndani. Kwa sababu hiyo, mtu asikubali kutuma kifurushi cha mwingine kwa kitambulisho chake, hata kama ni jirani, ikiwa hajaona kilichomo.

Ushuru hulipwa na nani?

Kwa kawaida ushuru hulipwa na mpokeaji. Nauli anayolipa mtumaji hapa ni ya usafiri tu. Nchi nyingi husamehe zawadi ndogo kati ya watu binafsi, lakini viwango hutofautiana.

Uingereza husamehe zawadi isiyozidi pauni 39. Nchi za Umoja wa Ulaya, zikiwemo Italia na Ujerumani, husamehe zawadi kati ya watu binafsi isiyozidi yuro 45. Bidhaa iliyouzwa si zawadi. Tangu tarehe 1 Julai 2021, bidhaa za kuuza zinazoingia Umoja wa Ulaya hutozwa kodi ya ongezeko la thamani hata zikiwa za bei ndogo.

Marekani ilibadilisha kanuni zake mwaka wa 2025. Kuanzia tarehe 29 Agosti mwaka huo iliondoa msamaha uliokuwa ukiruhusu bidhaa za hadi dola 800 kuingia bila ushuru. Mashirika ya posta ya nchi nyingi yalilazimika kusimamisha kwa muda baadhi ya vifurushi vya kwenda huko. Zawadi halisi kati ya watu, isiyozidi dola 100, ilibaki na msamaha. Anayetuma Marekani aulize kwanza kwenye kaunta jinsi huduma ilivyo wakati huo kabla ya kununua boksi.

Ni heshima pia kumjulisha mpokeaji mapema. Kijana anayesoma na kuishi kwa bajeti ndogo anaweza kushindwa kulipa ushuru wa zawadi aliyotumiwa, na kifurushi kikarudi.

Vitu visivyopita

Baadhi ya vitu hukatazwa kila mahali, vingine hukatazwa na nchi fulani tu. Vifuatavyo ndivyo vinavyowahusu zaidi wakazi wa Kilifi.

Miraa na muguka. Hapa huuzwa hadharani, lakini ni dawa ya kulevya kwa sheria za nchi nyingi. Uingereza iliipiga marufuku tarehe 24 Juni 2014. Imekatazwa pia Marekani, Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Haijalishi kama ni mbichi, imekaushwa au imesagwa. Atakayeitwa kujieleza ni yule ambaye jina lake limeandikwa kwenye boksi.

Dawa. Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol hudhibitiwa vikali katika nchi za Ghuba. Mtu anayehitaji dawa maalum anafaa kupata cheti cha daktari wa nchi aliko, na mara nyingi ni rahisi zaidi kuinunua kule. Dawa za miti shamba zilizofungwa kwenye karatasi bila jina huzuiliwa, kwa kuwa afisa hana njia ya kujua ni nini.

Hirizi na vitu vinavyofanana nazo. Jambo hili halizungumzwi sana, lakini ni zito. Saudi Arabia huhesabu uchawi kuwa kosa la jinai, na wafanyakazi wa nyumbani kutoka nchi za kigeni wamewahi kushtakiwa kwa kupatikana na vitu vilivyodhaniwa kuwa vya uchawi. Mzazi anayemtakia mwanawe heri na amwombee dua. Asimtie kwenye boksi mizizi, kitambaa kilichofungwa fundo, au karatasi yenye maandishi ya mganga.

Nyama na maziwa. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu mtu binafsi kuingiziwa nyama wala bidhaa za maziwa kutoka Kenya. Samli na nyama iliyokaushwa zimo katika katazo hilo.

Matunda na mimea. Matunda mabichi, mbegu na miche huhitaji cheti cha afya ya mimea, ambacho hapa nchini hutolewa na KEPHIS baada ya ukaguzi. Kwa nchi za Umoja wa Ulaya, matunda matano yamesamehewa cheti hicho: nazi, ndizi, nanasi, tende na duriani. Embe halimo, ingawa ndilo tunda ambalo wengi hutamani kutuma.

Korosho mbichi. Sheria ya mwaka 2013 iliyounda Mamlaka ya Kilimo na Chakula inakataza kusafirisha nje korosho ghafi bila kibali cha Waziri. Lengo ni zibanguliwe hapa nchini ili kazi na faida zibaki. Korosho zilizobanguliwa na kukaangwa hazimo katika katazo hilo.

Kombe, matumbawe na magamba ya kasa. Kasa wote wa baharini wanalindwa kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 na kwa mkataba wa kimataifa wa CITES. Kombe za baharini na matumbawe navyo visitumwe bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hata vikiwa vimeokotwa ufuoni.

Vitu vya kale. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahitaji kibali kabla ya kutoa nchini vitu vya kale na vilivyolindwa. Wamijikenda wanajua uchungu wa jambo hili. Vigango, nguzo za ukumbusho wa wazee waliotangulia, viliibwa na kuuzwa hadi vikaingia katika makumbusho ya Marekani, na kuvirejesha nyumbani kumechukua miaka mingi. Mtu akiombwa kutuma "mti wa kuchonga wa zamani", aulize kwanza Makavazi ya Kitaifa.

Pesa taslimu. Noti hazifai kutiwa ndani ya barua au kifurushi. Zipo njia salama za kutuma pesa.

Betri na vitu vinavyoshika moto. Betri za lithiamu zilizo peke yake na betri za kuchajia simu hazikubaliwi kwenye posta. Manukato, rangi ya kucha, dawa ya kupuliza ya kopo, na viberiti pia hukataliwa kwa sababu vinaweza kuwaka ndani ya ndege. Udi na bukhuri si vimiminika, lakini vitajwe wazi kwenye fomu.

Anwani iliyo kamili

Kifurushi kinaweza kuvuka forodha salama kikakwama mtaani kwa kukosa anwani. Andika kwa herufi kubwa za kuchapisha. Jina la mpokeaji liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, si jina la utani. Jina la nchi liwe mstari wa mwisho. Nambari ya simu ianze na msimbo wa nchi: +966 kwa Saudi Arabia, +971 kwa Falme za Kiarabu, +974 kwa Qatar, +39 kwa Italia, +49 kwa Ujerumani, +44 kwa Uingereza.

Saudi Arabia hutumia Anwani ya Kitaifa, ambayo ina nambari ya jengo, mtaa na msimbo wa posta. Ina pia namna fupi yenye herufi nne na tarakimu nne. Mpokeaji aitume anwani hiyo kwa ujumbe wa simu, nayo inakiliwe jinsi ilivyo. Katika Falme za Kiarabu, sanduku la posta bado ni muhimu, mara nyingi la mwajiri au kampuni.

Mfanyakazi wa nyumbani hupokea kifurushi kupitia nyumba ya mwajiri. Ni vyema amjulishe mwajiri mapema, na anwani ibebe majina yote mawili. Kifurushi kinachofika bila mwenye nyumba kujua huweza kukataliwa mlangoni au kuzua shaka isiyo na sababu. Kama simu ya mpokeaji huwa haipatikani mchana, iandikwe nambari ya pili ya mtu anayeaminika.

Italia na Ujerumani, mpeleka barua hufuata jina lililo kwenye kengele au kisanduku cha barua cha nyumba. Mtu anayeishi kwa mwenzake aandikiwe jina lake, kisha chini yake jina la mwenye nyumba likitanguliwa na alama c/o. Bila hilo kifurushi hurudi, hata kama mtaa na nambari ni sahihi.

Upande wa mtumaji pia uwe kamili, pamoja na msimbo wa posta: Kilifi 80108, Malindi 80200, Watamu 80202, Mtwapa 80109, Mariakani 80113, Kaloleni 80105. Kifurushi kisichofika hurudi kwa anwani hiyo. Kama fomu inauliza kifurushi kifanyweje kisipopokelewa, chagua kurudishwa au kuachwa, ukijua kwamba kurudishwa kunaweza kuwa na gharama.

Kufunga boksi

Boksi liwe gumu na lisilo na majina ya bidhaa nyingine. Lililowahi kubeba sabuni au pombe huwachanganya wakaguzi. Vitu vya kuvunjika vizungushiwe nguo au magazeti na visiguse kuta za boksi. Boksi likitikiswa, kitu kisisikike kikicheza ndani. Achari na mafuta yatiwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza, kisha mifuko miwili ya kuzuia kuvuja, na mpokeaji asishangae vikizuiwa, kwa kuwa kimiminika kikivuja huharibu mizigo ya wengine. Weka ndani karatasi yenye anwani zote mbili na orodha ya vitu, ili karatasi ya nje ikibanduka, kifurushi kisikose mwenyewe.

Usilifunge kabisa nyumbani. Lipeleke wazi, pamoja na kitambulisho na selotepu, karani aone kilichomo, kisha lifungwe pale pale.

Kufuatilia na kudai

Nambari ya kufuatilia ina alama 13: herufi mbili, tarakimu tisa, na herufi mbili za nchi ilikotoka. Kutoka Kenya huishia na KE. Inayoanza na E ni ya EMS, C ni ya kifurushi, R ni ya rejista. Nambari hiyo hiyo hutumika kwenye tovuti ya Posta ya hapa na ya nchi kinakokwenda. Kikishatoka Kenya, tovuti ya kule mara nyingi ndiyo huwa na habari mpya zaidi.

Piga picha ya vitu kabla ya kufunga, ya boksi likiwa limefungwa, na ya risiti. Kifurushi kikichelewa, mtumaji ndiye anayefungua ulalamishi katika ofisi alikotumia. Kwa barua za rejista na vifurushi vya posta, kanuni za kimataifa zinatoa miezi 6 kuanzia siku inayofuata ile ya kutuma. Baada ya hapo dai halisikizwi. Huduma nyingine huwa na muda mfupi zaidi, kwa hivyo usingoje. Fidia ya kifurushi kisicho na bima ina kikomo, na kwa vitu vya thamani ni afadhali kulipia bima. Aliyelalamika kwa kampuni na asipate jibu anaweza kufikisha malalamishi yake kwa Mamlaka ya Mawasiliano.

Mzigo wa kubebeshwa

Wakati mwingine familia huepuka posta na kumpa mzigo msafiri anayekwenda kule. Kati ya watu wanaojuana vizuri, ni jambo la kawaida. Lakini njia hii hutumiwa pia na walanguzi wa dawa za kulevya, nao huwalenga vijana wanaosafiri mara ya kwanza na wasioweza kusema hapana.

Mbele ya sheria ya nchi nyingi, begi ni la aliyelibeba. Machi 2025, mahakama nchini Vietnam ilimhukumu kifo Mkenya aliyekamatwa Julai 2023 na zaidi ya kilo 2 za kokeni zilizokuwa ndani ya begi lake. Saudi Arabia nayo hutoa hukumu ya kifo kwa ulanguzi wa dawa za kulevya. Kusema "nilipewa tu" ni utetezi mgumu kuthibitisha mbele ya majaji wasioijua lugha ya mshtakiwa wala watu wake.

Kanuni ni nyepesi. Msafiri apakie begi lake mwenyewe. Mzigo wa mtu mwingine ufunguliwe mbele ya mwenyewe, kila kitu kitolewe, unga umiminwe kwenye chombo kingine, na viatu na mabegi yenye kuta nene yaguswe ndani. Mwenye mzigo akikasirika kwa kufunguliwa, mzigo ubaki. Mzazi anayemtuma mwanawe kazi Ghuba amwambie haya kabla ya siku ya safari, maana uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kuulizana.

Kwa wanaouza nje

Wafumaji wa vikapu, washonaji na wasindikaji wa korosho wanaopata wateja ng'ambo hufuata njia hizo hizo, na mambo mawili zaidi. La kwanza, kifurushi kiwe na ankara inayoonyesha bei halisi, na fomu iseme ni bidhaa ya kuuza, si zawadi. La pili, kila bidhaa ina nambari ya kimataifa ya forodha yenye tarakimu sita au zaidi. Vikapu vilivyosukwa kwa ukindu na nyenzo kama hizo huwa chini ya 4602. Nambari sahihi humwezesha mteja kujua ushuru wake mapema. Vitu vya mbao na vya mimea viulizwe KEPHIS kabla ya kuahidi tarehe ya kufika, kwani ukaguzi huchukua muda.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Jiulize maswali sita. Je, kila kilichomo nimekiona kwa macho yangu? Je, kimekubaliwa katika nchi kinakokwenda? Je, anwani na simu vimethibitishwa na mpokeaji mwenyewe wiki hii? Je, mpokeaji anajua anaweza kutozwa ushuru? Je, nina picha na orodha ya vitu? Je, nitapata risiti yenye nambari ya kufuatilia?

Likikosa jibu hata moja, kifurushi kingoje. Wakazi wanahimizwa kuuliza katika ofisi za Posta za Kilifi, Malindi na miji mingine kabla ya kununua vitu vya kutuma, na kwa vitu vyenye shaka waulize KEPHIS, Huduma kwa Wanyamapori au Makavazi. Kuuliza hakuna malipo, na kunaweza kumwokoa mtu wako aliye ng'ambo na matatizo ambayo familia, ikiwa mbali, haiwezi kumsaidia.